Maji Yalifika Wapi?

Ukienda kununua ploti Kitengela, kitu cha kwanza broka atakuonyesha ni bikoni. Ziko nne, moja kila pembe, na mara nyingine zimefunikwa na nyasi mpaka inabidi mzitafute kwa jembe. Futi 50 kwa 100. Atakuonyesha nguzo za stima, atakuambia lami inakuja, atakuhesabia dakika za kufika barabara ya Namanga. Ukiwa mtu makini utaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha mwenye shamba ndiye mwenye shamba kweli. Yote yatakuwa sawa. Litabaki swali moja ambalo broka hatakujibu, mwenye shamba hatakujibu, na hati haitakujibu: maji yalifika wapi?

Swali hili ni la kisheria. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinakataza mtu kujenga kando ya mto. Eneo hilo ni upana wa mto wenyewe, lisipungue mita 6 wala lisizidi mita 30 kila upande. Halafu kanuni zinaongeza kwamba kipimo hicho kifuate kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa.

Rudia hayo maneno ya mwisho. Kilichowahi kurekodiwa. Maana yake, aliyeandika sheria anaamini kwamba mahali fulani kuna kitabu, ndani ya kitabu kuna tarehe, na kando ya tarehe kuna namba iliyoandikwa na mtu aliyesimama pale mtoni na kuangalia. Hebu tufuate historia ya hicho kitabu: nani alianza kuandika, aliandika kwa faida ya nani, na kwa nini kurasa za mto unaopita karibu na nyumba yako huenda zikawa tupu.

Kabla ya kitabu kulikuwa na majina. Ngong, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, ni neno la Kimaasai lililokatwa na midomo ya wageni: enkong'u emuny, jicho la kifaru. Na hapa Kimaasai na Kiswahili vinakutana vizuri sana, kwa sababu kwa Wamaasai jicho pia ni chemchemi, na sisi wenyewe tunasema jicho la maji. Kajiado inatokana na Olkejuado, mto mrefu. Nairobi ni Enkare Nairobi, maji baridi. Naivasha ni maji yanayosukasuka. Ewaso Ng'iro ni mto wenye maji ya rangi ya udongo.

Angalia hayo majina kama mtu anayekagua daftari. Moja linakuambia palipo na chanzo, na mnyama gani aliyekunywa hapo. Lingine linakuambia urefu, lingine joto, lingine mawimbi, lingine tope. Leo mtaalamu wa maji akifika mtoni na vifaa vyake hupima mambo hayohayo: kina, kasi, joto, kiasi cha udongo ulioyeyuka. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe kutoka Loita mpaka Ngong alihitaji habari hiyo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo aliifunga kwenye jina, ambapo haiwezi kuibiwa wala kuliwa na mchwa. Miaka nayo ilihifadhiwa kwa marika na kwa maafa: ukame fulani ulitokea rika fulani likiwa morani, njaa fulani ikapewa jina lake. Wakamba jirani waliita njaa kuu ya 1898 na 1899 Ngomanisye, yaani ile iliyotupata sote, popote tulipokuwa.

Kumbukumbu ya namna hii ina nguvu na ina upungufu. Itakuambia kulikuwa na mafuriko na ng'ombe walisombwa. Haitakuambia maji yalipanda sentimita ngapi juu ya lile jiwe. Na wale waliokuja na reli walitaka sentimita.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Pamoja na reli zilikuja kopo za kupimia mvua, maana mhandisi anayejenga daraja bila kujua mvua anajenga kwa bahati nasibu. Miaka hiyo ya mwanzo, waliopima mvua hawakuwa wataalamu wa hali ya hewa. Walikuwa wakuu wa stesheni, wamishonari, maofisa wa wilaya na walowezi, kila mmoja na kopo lake uani na daftari mezani. Mwaka 1929 kazi hiyo iliwekwa chini ya mwavuli mmoja, idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Uingereza, iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mrithi wake kwa upande wa Kenya ndiyo ile idara ambayo makao yake makuu unayapita Dagoretti Corner ukiwa kwenye matatu ya barabara ya Ngong.

Kopo la mvua ni kifaa rahisi mno. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba ya ardhi. Nchini Kenya husomwa saa tatu asubuhi, na mvua inayosomwa ni ile iliyonyesha kwa saa 24 zilizopita. Kwa hiyo ukiona kwenye taarifa kwamba tarehe fulani kulikuwa na milimita 60, mara nyingi ni dhoruba iliyokukesha usiku, si ya asubuhi ile. Ukilisoma saa tatu leo, saa tano kesho, na keshokutwa usilisome kabisa kwa kuwa kulikuwa na harusi, huna rekodi, una makisio tu.

Makopo hayo yaliwekwa wapi? Yalifuata pesa. Palipokuwa na reli palikuwa na kopo, palipokuwa na shamba la mlowezi palikuwa na kopo. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia baada ya mkataba wa 1911 na kusukumwa kwenye hifadhi ya kusini, ambayo sehemu yake ndiyo Kajiado ya leo. Huko ndiko maji yalikuwa ya shida zaidi, na ndiko upimaji ulikuwa mchache zaidi. Hata hivyo, kupima nako hakukumwokoa kila mlowezi. Chini ya milima ya Ngong, Karen Blixen alilima kahawa kuanzia 1914 kwenye ardhi iliyokuwa juu mno na kavu mno kwa zao hilo, na mwaka 1931 akaondoka akiwa amefilisika. Mtaa wa Karen unaoujua ulianza kwa kukatakata shamba hilo kuwa maploti.

Mito na maziwa yalipimwa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ilikuwa mbali kaskazini. Misri inaishi kwa Nile, na kipimo cha Nile kilichoko kisiwa cha Roda, Cairo, kilijengwa mwaka 861. Ni kisima cha mawe chenye nguzo ya marumaru katikati, na kwenye nguzo kuna alama. Maji yakipanda mpaka alama fulani, mwaka utakuwa wa shibe, na kodi itapanda. Yakipungukiwa, njaa. Yakizidi, maafa. Tangu zamani hizo, kipimo cha maji kimekuwa pia kipimo cha kodi.

Waingereza walipoishika Misri walitaka kujua maji yanatoka wapi na yatakuja kiasi gani. Ndiyo maana kiwango cha Ziwa Victoria kinafuatiliwa tangu 1896, kabla hata reli haijafika Kisumu. Ubao wenye namba ulisimikwa ukingoni Uganda, mtu akaambiwa ausome. Mwingereza mmoja, Harold Edwin Hurst, alifika Misri mwaka 1906 na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya namba hizo, za Roda na za maziwa yetu, ili ajue bwawa la Nile liwe kubwa kiasi gani. Mwaka 1951 alichapisha jambo ambalo mfugaji yeyote wa Kajiado angemwambia bure: miaka ya mvua hufuatana, na miaka ya ukame hufuatana. Maji hayarushi shilingi kila mwaka upya. Kwa hiyo ukiwa na rekodi ya miaka 20 tu, huenda umeangukia kipindi kizuri chote, ukadhani mto wako ni mpole.

Sasa tuingie mtoni wenyewe. Mto hupimwaje?

Kwanza kuna geji: ubao au chuma chenye namba kama rula, kimesimikwa ukingoni mpaka ndani ya maji. Msomaji wa geji, kwa kawaida mtu anayeishi karibu na mto, huenda kila asubuhi, huangalia maji yamegusa namba gani, na huandika. Geji moja kwa moja husomwa hivi kwa miaka mingi na mtu yuleyule, mpaka mtoto wake anajua kuisoma. Mahali penye pesa zaidi huchimbwa kisima kidogo kando ya mto, kilichounganishwa na mto kwa bomba. Ndani yake boya hupanda na kushuka, na kalamu iliyofungwa kwenye boya huchora mstari juu ya karatasi inayozungushwa na saa.

Lakini kimo cha maji pekee hakisemi ni maji mengi kiasi gani. Mita 1 ya Mbagathi si sawa na mita 1 ya Tana. Hapo ndipo mtaalamu huja na mita ya mkondo. Ile maarufu zaidi, iliyobuniwa na Mmarekani William Gunn Price miaka ya 1880, ina vikombe vidogo vinavyozungushwa na maji. Kila mzunguko unalia tik kwenye kifaa cha sikioni, na wewe unahesabu. Unavuka mto kwa hatua, kila baada ya umbali mdogo unapima kina na kasi. Kasi hupimwa asilimia 60 ya kina kutoka juu, kwa kuwa hapo ndipo panapokaribia wastani, maana chini kabisa maji huchelewa kwa kukwaruzana na mawe. Kina mara upana mara kasi, kipande kwa kipande, unajumlisha. Umepata mita za ujazo kwa sekunde.

Ukifanya hivyo siku ya maji machache, siku ya wastani na siku ya maji mengi, unaweza kuchora mstari unaounganisha namba ya geji na wingi wa maji. Baada ya hapo msomaji anaandika tu 1.42, na ofisi inajua ni maji kiasi gani yamepita. Tatizo ni kwamba mto hautulii. Mafuriko moja yanahamisha mchanga, wachimba mchanga wanaongeza shimo, na mchoro wako umekuwa uongo. Lazima upime tena. Kupima maji ni kama kunyoa nywele, kazi haiishi.

Kila geji ina anwani. Kenya iligawanywa katika mabonde matano makubwa: 1 ni Ziwa Victoria, 2 ni Bonde la Ufa, 3 ni Athi, 4 ni Tana, 5 ni Ewaso Ng'iro ya Kaskazini. Halafu zinafuata herufi na namba. 4G01 ni Tana pale Garissa. Milima ya Ngong iko mpakani mwa 2 na 3. Simama juu ya Lamwia, kilele kilicho mita 2,460 juu ya bahari. Tone likianguka upande wa magharibi linaingia Bonde la Ufa na halitoki tena. Likianguka mashariki, linaweza kuingia Mbagathi, likapita mpaka wa kusini wa mbuga ya Nairobi, likakutana na maji ya Kitengela, likaitwa Athi, likashuka Fourteen Falls, likazunguka Ukambani, likapita Tsavo likiitwa Galana, na mwisho likamwagika baharini kaskazini ya Malindi likiitwa Sabaki. Tone lenye majina mengi namna hii lingekuwa mtu lingehojiwa na polisi.

Kisha ikaja 1961. Mvua za mwishoni mwa mwaka huo, ambazo wazee wengi bado wanaziita mvua za Uhuru, zilivunja kila kilichojulikana. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda takriban mita 2.5. Magati yalizama, mashamba ya ukingoni yakawa ziwa. Rekodi ya zaidi ya miaka 60 iliyokuwepo haikuwa na kitu kama hicho. Nchi zilikuwa zinapata uhuru na zinakuta namba za mkoloni hazitoshi. Mwaka 1967 Kenya, Uganda, Tanzania, Sudan na Misri zilianza kwa pamoja, na kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mradi wa kupima maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert pamoja na mito inayoyalisha. Geji mpya zikasimikwa, vijana wa Kiafrika wakafunzwa. Ziwa lile lilikuja kufikia tena kimo cha 1964, na kukipita kidogo sana, Mei 2020. Tofauti ilikuwa kama sentimita moja kwenye geji ya Jinja. Tunajua hivyo kwa sababu kuna watu ambao katika vita, mapinduzi na kuanguka kwa serikali waliendelea kwenda kusoma ule ubao.

Kenya iliunda Wizara ya Maendeleo ya Maji mwaka 1974, na kwa muda kazi ikasonga. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na idara ya pamoja ya hali ya hewa ikagawanywa kama wanandoa wanaogawana vyombo. Miaka ya 1980 na 1990, bajeti za serikali zilipokatwa, geji zilikuwa kati ya vitu vya kwanza kusahaulika, kwa sababu hakuna mpiga kura anayeandamana kwa ajili ya geji. Msomaji asipolipwa huacha kusoma. Mafuriko yakiing'oa geji, hairudishwi. Kwenye jedwali, mahali pa namba panawekwa alama ya kukosekana, na alama hizo zinaongezeka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipokuja, mito mingi ilifikia vimo ambavyo hakuna aliyekuwepo kuviandika.

Sheria ya Maji ya 2002 ilianzisha mamlaka maalumu ya kusimamia rasilimali za maji, na ile ya 2016 ikaibadilisha kuwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji tuliyo nayo sasa. Geji nyingi zilifufuliwa, nyingine zikawekewa vifaa vinavyotuma kipimo kwa mtandao wa simu. Lakini kifaa hakiwezi kwenda nyuma kukusomea 1988.

Nimetaja 1988 kwa makusudi. Huo ndio mwaka ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake. Ardhi iliyokuwa ya kundi zima, ambapo mto ukifurika mnahamisha ng'ombe na boma mnaenda juu kidogo, ikawa vipande vyenye hati. Mwaka 1990 serikali ikaanzisha eneo la viwanda vya kuuza nje pale Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na Kitengela ikawa mji. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado nzima. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Miaka kumi tu.

Mfugaji alijua mto una vyumba viwili: kile unacholala siku zote, na sebule unayoitumia mara moja kwa miaka mingi. Aliyenunua ploti aliuona mto ukiwa chumbani. Tena mito ya huku ni migumu kupima kuliko Tana. Miezi mingi ni mchanga na madimbwi, kisha mvua inanyesha milimani, mahali ambapo wewe huioni, na kwa saa chache bonde limejaa. Mtaalamu akifika kutoka ofisini, maji yamepita. Na sasa kuna paa za mabati, kabro na lami, kwa hiyo maji ambayo zamani yaliingia kwenye udongo mweusi yanakimbilia mtoni yote kwa mpigo. Hata kama kungekuwa na rekodi kamili ya Kitengela tangu 1929, ingekuwa rekodi ya mto wa nyasi. Mto wa saruji ni mwingine.

Wengine husema, si kuna setilaiti? Ipo. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima kimo cha maziwa na mito dunia nzima. Lakini imetengenezwa kuona mito yenye upana wa mita 100 hivi na kuendelea. Mto Kitengela siku ya kawaida unaurukia kwa hatua chache. Kutoka angani haupo.

Halafu ikaja masika ya 2024. Kajiado ilikuwa imetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, kati ya 2020 na 2022, mizoga ya ng'ombe ikiwa barabarani. Mwisho wa 2023 kukaja El Niño, na Aprili na Mei 2024 mvua ikamwagika juu ya ardhi iliyokwisha kushiba. Kitengela na Athi River, watu walitolewa nyumbani kwa mashua. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 290. Wizara ya Usalama wa Ndani iliwapa saa 24 waondoke wote waliokuwa karibu na mito mikubwa na karibu na mabwawa 178 yaliyojaa au kukaribia kujaa. Na Nairobi, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za mto. Mukuru iko kando ya mto unaoitwa, kwa jina lake halisi, Ngong.

Mita 30 kuanzia wapi? Hapo ndipo lile neno la kanuni za 2006 linaacha kuwa la wanasheria. Ukipimia kutoka ukingo wa maji siku ya mafuriko, unabomoa mtaa mzima. Ukipimia kutoka ukingo wa Februari, unabomoa safu moja. Pasipo rekodi, mstari unachorwa na yule mwenye rangi na tingatinga, na aliyejenga ghorofa kwa mawakili wazuri anaweza kubishana na mstari huo kuliko mama wa mabati. Kukosekana kwa namba hakumwumizi kila mtu sawasawa.

Kuna namba nyingine ambayo hutupwa huku na huku kila mafuriko yanapokuja: eti haya ni mafuriko ya mara moja kwa miaka 100. Watu husikia hivyo wakapumua, wakijua wajukuu ndio watakaoyaona yanayofuata. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 100. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, ambayo ni muda wa mkopo mrefu wa nyumba, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26. Robo na zaidi. Na hesabu hiyo yenyewe inahitaji rekodi ndefu ya mto husika, la sivyo ni ubashiri uliovaa suti.

Kwa haki, si kwamba hakuna anayepima. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kavu, Kajiado ikiwemo. Kati ya vipimo vyake kimoja kingemfurahisha mzee yeyote: umbali ambao mifugo na watu wanatembea kufikia maji. Kilomita zikiongezeka, ukame umeingia, hata kama mawingu yapo. Na pale Kibiku, Ngong, kuna kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, kinachotabiri misimu ya nchi 11 kuanzia Sudan mpaka Tanzania. Kilianza 1989 kama kituo cha kufuatilia ukame. Utabiri wake utakuambia kama masika itazidi wastani. Hautakuambia sakafu ya nyumba yako iko juu au chini ya mahali maji yalipofika mara ya mwisho. Hiyo ni kazi ya mtu wa karibu.

Na mtu wa karibu anaweza. Kifaa kimoja cha kupima kilele cha mafuriko ni bomba lenye matundu, ndani yake fimbo na unga wa kizibo cha chupa. Maji yakipanda, unga unaelea na kuganda kwenye fimbo mahali pa juu kabisa. Yakishuka, unafungua bomba na kusoma. Hakuna betri, hakuna mtandao. Hata hilo usipokuwa nalo, wataalamu baada ya mafuriko hutembea wakitafuta mstari wa takataka kwenye michongoma na wa tope kwenye kuta, wanapima kimo chake na mteremko wa mto, na kutoka hapo wanakadiria maji yaliyopita. Mstari huo hudumu mpaka mvua nyingine, au mpaka mwenye nyumba apake rangi ili apate mpangaji.

Mji wa Passau, Ujerumani, unakaa pale mito mitatu inapokutana. Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wamechora alama za mafuriko na miaka yake. Mwaka 2013 maji yalipopanda, kila mtu aliweza kusema mara moja kwamba hayajawahi kufika hapo tangu 1501. Ukuta na rangi, basi. Ukitafuta nyumba Passau huhitaji kumwamini broka.

Sisi tuna kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inayoeleza namna ya kuiomba. Kabla ya kulipia ploti, unaweza kuuliza kwa maandishi: geji iliyo karibu na hapa ni ipi, na kimo cha juu kabisa kilichorekodiwa ni kipi, lini? Jibu likiwa namba, umepata kitu cha kumpelekea mpima ardhi. Jibu likiwa kwamba hakuna, hilo nalo ni jibu, na bei ya ploti inafaa iteremke. Kisha nenda kwa waliokuwepo kabla ya bikoni. Waulize El Niño ile ya 1997 maji yalifika wapi, na mvua za Uhuru, kama yupo anayekumbuka. Wakikuonyesha mti au jiwe, weka alama ya rangi hapo, uandike mwaka.